Damu Imeonyesha Kaswende. Je, Imepanda Kichwani?

Swali hili linanifuata kila mahali. Naulizwa kwenye dirisha la maabara, naulizwa kituoni Gongo la Mboto nikisubiri gari la Pugu, naulizwa kwa simu usiku watu wakiwa wamekwisha lala: "Dokta, nimepimwa nimekutwa na kaswende. Nitajuaje kama imepanda kichwani?" Anayeuliza leo ni kijana aliyeona mistari miwili kwenye kipimo cha haraka. Kesho ni binti ambaye baba yake ameanza kupotea njia ya kurudi nyumbani kutoka Mnadani. Keshokutwa ni mtu aliye kwenye dawa za VVU, amesikia kuna kipimo kipya cha damu kinachoonyesha hali ya ubongo, anataka kujua akipate hospitali gani.

Mimi ni mtu wa maabara, si daktari, ingawa mtaani kila mwenye koti jeupe huitwa dokta. Kazi yangu ni kupima damu na kuandika majibu. Kinachonisumbua ni jinsi majibu hayo yanavyosomwa yakishafika nyumbani. Mtu mwenye afya yake halali usiku akihofia kichaa, na mwingine anayeumwa kweli anarudi kulala kwa sababu karatasi imeandikwa "hasi". Wote wawili wangesaidika kama wangeelezwa mapema damu inasema nini na inanyamaza wapi.

## Jibu fupi kabla ya yote

- Damu inaweza kuonyesha kwamba mwili wako umewahi kukutana na vimelea vya kaswende.
- Damu inaweza kusaidia kujua kama ugonjwa uko hai sasa, na kama dawa imefanya kazi.
- Damu peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba vimelea vimeingia kwenye ubongo au uti wa mgongo. Kipimo cha damu cha namna hiyo, kilichokubalika kutumika hospitalini peke yake, hakipo Dar es Salaam wala kwingine duniani.

Mtu akikuuzia kipimo cha damu cha "kaswende ya ubongo", weka fedha zako mfukoni. Kujua kama kaswende imefika kwenye mfumo wa fahamu kunahitaji vitu vitatu vikae pamoja: damu, dalili, na mara nyingi maji ya uti wa mgongo. Tuvichukue kimoja kimoja.

## Hatua ya kwanza: jua karatasi yako ni ya kipimo gani

Vipimo vya damu vya kaswende viko vya aina mbili, na matatizo mengi ninayoletewa yanatokana na kuvichanganya.

Kipimo cha kumbukumbu. Hapa kuna kile cha haraka cha tone la damu ya kidole kinachotumika zahanati na kliniki ya wajawazito, kuna TPHA, TPPA na FTA-ABS. Vinatafuta kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi ya kimelea chenyewe. Kwa watu wengi kingamwili hizo hazifutiki maisha yote, hata baada ya kupona.

Kipimo cha kiwango. Hiki ni RPR au VDRL. Kinapanda ugonjwa ukiwa hai na kushuka unapotibiwa. Majibu yake kamili huja na namba inayoitwa taita, kwa mfano 1:4 au 1:32.

Namba hiyo tunaipata hivi: tunachukua majimaji ya damu yako, tunayapunguza nguvu kwa maji ya chumvi nusu kwa nusu, kisha nusu tena, na tena, tukiangalia ni wapi kipimo kinaacha kuonyesha kitu. Kama bado kinaonyesha majimaji yakiwa yamepunguzwa mara 32, tunaandika 1:32. Kwa hiyo 1:32 ni kubwa kuliko 1:4. Nimekutana na wengi walioisoma kinyume, wakafurahi pale taita ilipopanda.

Ukipewa karatasi iliyoandikwa "kaswende chanya" tu, uliza kwa upole: "Ni kipimo gani? Na kama ni RPR au VDRL, taita ni ngapi?" Ni haki yako kujua.

## Soma majibu mawili kwa pamoja

- Kumbukumbu chanya, kiwango chanya. Mara nyingi ni kaswende hai, au uliyotibiwa siku za karibuni na taita bado inashuka.
- Kumbukumbu chanya, kiwango hasi. Yawezekana ulitibiwa zamani ukapona. Yawezekana pia maambukizi ni mapya mno, au ni ya miaka mingi na hayajatibiwa.
- Kumbukumbu hasi, kiwango chanya. Mara nyingi si kaswende. Malaria, ujauzito, kifua kikuu, VVU, lupasi na hata uzee vinaweza kukidanganya kipimo cha kiwango.
- Vyote hasi. Kwa kawaida huna kaswende. Lakini kama ulijihatarisha wiki chache zilizopita, rudi upime baada ya miezi 3 tangu siku ile. Ukiwa na kidonda sehemu za siri, usisubiri. Mwone mtoa huduma leo.

Jibu la pili katika orodha hiyo ndilo linalowaumiza wazee wetu. Kaswende iliyokaa mwilini miaka mingi inaweza kufanya RPR isome hasi wakati ugonjwa unaendelea kula mishipa ya fahamu. Kwa hiyo mzee mwenye dalili za ubongo asiruhusiwe kuondoka kwa sababu ya RPR hasi peke yake. Apimwe na kipimo cha kumbukumbu pia.

### Angalizo kuhusu buba

Wasomaji wenye bibi na babu waliokulia vijijini, zingatieni hili. Buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi uliokuwa wa kawaida Afrika Mashariki enzi za utoto wao, unasababishwa na kimelea ndugu wa kile cha kaswende. Hauambukizwi kwa ngono. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipambana nao katika nchi 46 kati ya 1952 na 1964, wakitumia sindano ya penisilini. Vipimo vya damu haviwezi kutofautisha buba na kaswende. Bibi mwenye umri wa miaka 80 akikutwa chanya, msimwangalie kwa jicho baya. Mwambieni daktari kama aliwahi kuugua buba utotoni.

## Je, taita kubwa maana yake imefika kichwani?

Hapana, lakini ni sababu ya kuchunguza kwa makini zaidi. Tafiti zilizofanyika Marekani zilionyesha kwamba watu wenye RPR ya 1:32 au zaidi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kaswende ya mfumo wa fahamu kuliko wenye taita ndogo. Kwa anayeishi na VVU, CD4 (hesabu ya chembe za kinga) ya 350 au chini yake inaongeza uwezekano huo.

Angalia neno lenyewe: uwezekano. Namba hii haifungi kesi upande wowote.

- Kuna mwenye 1:128 ambaye ubongo wake ni salama kabisa.
- Kuna mwenye 1:2 ambaye jicho lake linapofuka kwa kaswende.
- Mtu asiye na dalili yoyote ya fahamu, macho au masikio, kwa kawaida hahitaji kutolewa maji ya mgongo kwa sababu ya taita tu, hata kama ana VVU. Anahitaji kuchunguzwa vizuri na daktari, kutibiwa, na kufuatiliwa.

## Dalili: hapa ndipo pa kuweka macho

Wengi wanaamini kaswende hukaa miaka 20 ndipo ipande kichwani. Si kweli. Inaweza kuingia kwenye mfumo wa fahamu katika hatua yoyote, hata miezi michache baada ya kuambukizwa.

Nenda hospitali leo, usisubiri barua ya rufaa:

- Kupooza upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda upande, au kushindwa kuongea ghafla.
- Kuona ukungu, jicho jekundu linalouma, au kupungua kwa uwezo wa kuona kwa siku chache.
- Kusikia kupungua ghafla, masikio kuvuma, au kizunguzungu kikali.
- Kichwa kuuma sana pamoja na shingo kukaza, kutapika au kuchanganyikiwa.
- Degedege kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuipata.

Panga kumwona daktari wiki hii:

- Kusahau kunakoongezeka, kushindwa hesabu za duka au kazi alizozimudu.
- Tabia kubadilika: mpole amekuwa mkali, mwenye haya hana haya tena, anajiona tajiri au mkubwa kuliko alivyo.
- Kuyumba anapotembea, hasa gizani au anapofumba macho wakati wa kunawa uso.
- Maumivu ya ghafla miguuni yanayopita kama shoti ya umeme.
- Mkojo kutoka bila kujijua.

Familia nyingi zinapoona dalili za kundi la pili huanzia kwa mganga, zikidhani mzee amerogwa au amepandisha mashetani. Sitaki kugombana na imani ya mtu. Ninachoomba ni kwamba damu itangulie. Kipimo cha haraka huchukua dakika 15 hadi 20, na kila mwezi unaopotea unaweza kuharibu mishipa ambayo dawa haitaweza kuirudisha.

Kumbuka pia upande wa pili: kusahau si lazima iwe kaswende. Presha, kisukari, pombe, kifua kikuu cha ubongo, VVU na ukungu wa kriptokokasi vinaweza kuleta sura hiyo hiyo. Mzee anaweza kuwa na damu chanya tangu ujana wake na wakati huo huo akawa anasahau kwa sababu ya presha. Ndiyo maana damu haitoshi.

## Ukiwa Pugu, fuata njia hii

1. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Omba kipimo cha haraka cha kaswende na VVU. Vipo vinavyopima vyote viwili kwa tone moja la damu.
2. Ukikutwa chanya, omba RPR au VDRL yenye taita. Kama hapo haifanyiki, uliza sampuli inapelekwa wapi au upewe rufaa. Uliza kabla ya kulipa.
3. Damu ya taita itolewe siku ile ile ya sindano ya kwanza, kabla ya kuchomwa. Namba hiyo ndiyo utakayolinganisha nayo baadaye. Kama haiwezekani kuipata siku hiyo, matibabu yasicheleweshwe kwa ajili yake.
4. Eleza dalili zote bila kuulizwa. Mtoa huduma anayekuhudumia kwa ajili ya kidonda cha siri anaweza asifikirie masikio yako. Mwambie.
5. Ukiwa na dalili za fahamu, macho au masikio, omba rufaa. Kwa sisi wa Pugu, Ukonga na Gongo la Mboto, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo upande wetu ni Amana, pale Ilala. Wa Temeke wanayo ya Temeke, wa Kinondoni wana Mwananyamala. Waliovuka kwenda upande wa Kisarawe wana hospitali yao ya wilaya. Ikihitajika bingwa wa mishipa ya fahamu au wa macho, utaelekezwa Muhimbili.
6. Nenda na mtu anayekufahamu. Anayesahau hajui kwamba anasahau. Mke, mume au mtoto wake ndiye atakayemweleza daktari lini mambo yalianza kubadilika.

Beba vitu hivi: kadi ya kliniki au ya CTC (kliniki ya dawa za VVU), karatasi zote za maabara, orodha ya dawa unazotumia, na tarehe za sindano ulizowahi kuchomwa. Kama una bima, ibebe.

## Maji ya mgongo: tuzungumze bila kuogopana

Hapa ndipo familia nyingi husimama. "Ukitolewa maji ya mgongo unapooza." "Ndugu yetu alitolewa akafa." Nimeyasikia mara nyingi, na sipuuzi hofu hiyo, kwa sababu mara nyingi kipimo hiki hufanywa kwa mtu ambaye tayari ana hali mbaya. Akifariki, sindano ndiyo inayobeba lawama ya ugonjwa.

Ukweli wa kipimo ni huu:

- Sindano huchomwa sehemu ya chini ya mgongo, chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Hapo kuna maji na nyuzi za mishipa zinazoelea.
- Yanayotolewa ni maji kidogo ambayo mwili huyatengeneza tena. Hakuna anayetoa uboho.
- Kero ya kawaida ni kichwa kuuma kwa siku chache na mgongo kuuma pale palipochomwa.
- Kuna watu ambao daktari huwapiga kwanza picha ya CT, au huahirisha kipimo: wenye dalili za shinikizo kubwa kichwani, wenye tatizo la damu kuganda, au wenye usaha mahali pa kuchomea. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema.

Maabara inatazama nini kwenye maji hayo? Chembe nyeupe, protini, na VDRL ya maji ya mgongo. VDRL hiyo ikiwa chanya, na maji hayakuchanganyika na damu wakati wa kuchoma, jibu ni la kuaminika sana. Ikiwa hasi, kaswende bado haijaondolewa, kwa sababu kipimo hiki hukosa wagonjwa wengi. FTA-ABS ya maji ya mgongo ni kinyume chake: ikiwa hasi, kaswende ya mfumo wa fahamu ni vigumu kuwepo, ikiwa chanya, haithibitishi. Daktari huyapima yote pamoja na dalili zako.

Angalizo kwa wenzangu wa maabara ndogo: kile kipimo cha haraka cha kidole kimetengenezwa kwa ajili ya damu. Msikitumie kwenye maji ya mgongo mkaandika majibu.

Je, kila mtu lazima atolewe maji? Hapana. Mwenye tatizo la jicho au sikio pekee, akiwa na damu chanya na daktari bingwa amethibitisha, anaweza kuanzishiwa matibabu bila kungoja kipimo hicho.

## Kwa nini usichome tu sindano ukamaliza?

Hili ni swali zuri, na jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini tunahangaika kujua ugonjwa ulipo.

Kaswende ya kawaida hutibiwa kwa benzathini penisilini ya kwenye makalio, yuniti milioni 2.4. Ikiwa maambukizi ni ya karibuni, dozi moja. Ikiwa ni ya zamani au haijulikani yalianza lini, dozi tatu, moja kila wiki. Dawa hii hutoka polepole kwenye msuli, na kiasi kinachofika kwenye maji ya ubongo ni kidogo mno kuua vimelea vilivyojificha huko.

Kaswende ya mfumo wa fahamu, ya macho na ya masikio inahitaji penisilini ya kwenye mshipa, zile watu wanazoziita sindano za masaa: yuniti milioni 18 hadi 24 kwa siku, zikigawanywa kila saa 4, kwa siku 10 hadi 14. Kwa baadhi ya wagonjwa daktari huchagua seftriaksoni. Hiyo ni kazi ya kulazwa wodini. Mwenye kaswende ya ubongo akichomwa sindano ya makalio akaambiwa amepona, taita yake inaweza hata kushuka huku jicho au akili ikiendelea kuharibika.

Mambo matatu ya kujua kabla ya sindano:

- Mzio. Kama uliwahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya penisilini, sema kabla hujachomwa.
- Homa ya siku ya kwanza. Ndani ya saa 24 unaweza kupata homa, baridi na maumivu ya kichwa. Mara nyingi ni vimelea vinavyokufa, na hupita. Mjamzito akisikia tumbo kukaza au mtoto kupunguza kucheza, aende hospitali mara moja.
- Matarajio. Dawa husimamisha ugonjwa. Mishipa iliyokwisha kufa haifufuki. Anayewahi hupata nafuu kubwa. Anayechelewa anaweza kubaki na kumbukumbu pungufu maisha yote.

## Kazi nyingine ya damu: kufuatilia

Baada ya matibabu, damu hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Pima RPR au VDRL mwezi wa 6 na wa 12, na kwa kaswende ya zamani mwezi wa 24 pia. Anayeishi na VVU hupimwa mara nyingi zaidi. Kwa mtu aliyetibiwa kaswende ya mfumo wa fahamu, taita ya damu ikishuka vizuri na dalili zikitulia, mara nyingi hakuna haja ya kumrudishia sindano ya mgongo.

Kushuka kunakohesabika ni hatua mbili: 1:32 kwenda 1:8, au 1:16 kwenda 1:4. Hatua moja, kwa mfano 1:8 kwenda 1:4, inaweza kuwa tofauti ya kawaida ya kipimo. Taita ikipanda hatua mbili, ama umeambukizwa upya ama dawa haikutosha; mwone daktari. Wapo wanaobaki na 1:2 kwa miaka bila kuumwa. Hao hawahitaji sindano kila mwaka.

## Vipi kuhusu kile kipimo kipya cha ubongo?

Uvumi huu una chanzo. Watafiti, hasa wa China, wamekuwa wakipima kwenye damu protini zinazovuja pale mishipa ya fahamu inapoharibika. Mojawapo hufupishwa NfL. Kwa wagonjwa wa kaswende ya ubongo huonekana kupanda.

Tatizo ni kwamba hupanda pia kwa kiharusi, kwa ajali ya kichwa, kwa magonjwa ya uzeeni, na hata kwa kuongezeka umri. Inasema nyumba inaungua bila kusema nani amewasha moto. Huenda siku moja itasaidia kuchagua nani atolewe maji ya mgongo. Leo hii usiuze mbuzi kuitafuta nje ya nchi. Kipimo cha haraka, RPR yenye taita na daktari anayekusikiliza vinakufikisha mbali zaidi.

## Makosa ninayoyaona kila wiki

1. Kurudia kipimo cha haraka baada ya kutibiwa. Kitasoma chanya tena, na pengine maisha yote. Wapo waliochomwa sindano mara tano kwa sababu hii.
2. Kumeza dawa za duka kwanza. Vidonge vichache vya antibayotiki huficha kidonda na kuacha ugonjwa.
3. Kulinganisha RPR ya hospitali moja na VDRL ya nyingine. Namba zake hazilingani. Fuatilia kwa kipimo kile kile, ikiwezekana maabara ile ile.
4. Kuacha sindano ya pili au ya tatu kwa sababu ya kwanza iliuma. Ukipitisha siku, rudi uulize kama unapaswa kuanza upya.
5. Kujitibu peke yako. Kwa kaswende ya karibuni, mliokutana kimwili ndani ya miezi 3 iliyopita watibiwe hata kama kipimo chao kinasoma hasi. Kupona hakukupi kinga.
6. Kutafuta mchawi ndani ya ndoa. Damu haisemi nani alianza wala mwaka gani. Nimeona ndoa zikivunjika juu ya namba ambayo haina uwezo wa kujibu swali hilo.
7. Kumtengea mgonjwa sahani na choo. Kaswende haiambukizwi hivyo, na mzee mwenye kaswende ya ubongo ya miaka mingi kwa kawaida hamwambukizi mtu.

## Kwa mama mjamzito

Mara nyingi wewe ndiye wa kwanza nyumbani kupimwa, kwa sababu kliniki inapima kila mjamzito. Ukikutwa chanya, hofu ya ubongo iweke pembeni kwanza: aliye hatarini zaidi kwa sasa ni mtoto.

Utafiti wa Mwanza uliochapishwa 2002 ulitazama wanawake waliojifungua bila kuwahi kupimwa. Kati ya 73 waliokuwa na kaswende hai yenye taita ya 1:8 au zaidi, 18 walizaa mtoto mfu. Katika utafiti wa pili wa hapo hapo, waliopimwa na kuchomwa sindano moja ya yuniti milioni 2.4 hawakuwa na hatari kubwa kuliko wajawazito wasio na kaswende. Sindano moja.

Basi kubali sindano siku hiyo hiyo, mlete mwenzako, na kama mlikwisha tibiwa ujauzito uliopita, onyesha kadi ya zamani na uombe taita. Mficha uchi hazai.

## Fanya hivi leo jioni

Tafuta bahasha. Weka ndani yake kila karatasi ya maabara uliyo nayo, hata iliyokunjika. Juu ya bahasha andika mistari minne:

- Jina la kipimo.
- Taita.
- Tarehe ya kupima.
- Tarehe ya kila sindano.

Chini yake acha nafasi ya miezi 6, 12 na 24. Kisha mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini bahasha ilipo. Ikitokea siku wewe mwenyewe hukumbuki, yeye ataibeba hadi Amana, na daktari hataanza kubahatisha.